Marakasi mbili ya pentiri: moya ya Kuba, ingine mamba muntu wa hapa hapa

Nianze na bei juu najua njo mutauliza ya kwanza: dola 28. Muzee aliomba 60, mi nikasema 15, akacheka, akanipa kiti, akatuma mutoto anileteye mayi ya kunywa, tukabishana karibu saa moya nzima na pale katikati akaniuliza kabila, kazi na fasi baba yangu alisomea, kisha akaniachilia kwa 28. Nilipata marakasi mbili ya zamani, pentiri ya mukono, "peya kamili" asema. Sasa niko nazo mwezi moya na nusu. Nilizitikisa, nilizinusa, nilizipima ku kilo (mizani) ya mama muuza sukari, hata ku konjelatere (friza) zililala (hiyo nitaifikia). Kwa hiyo naweza kuwaambia kama zinastahili makuta ao hapana.

Nilizikuta ku Kamalondo, komini ya hapa Lubumbashi. Yule muzee anatandikaka bintu yake mbele ya mulango: madiski bila mifuko, pasi za makala, saa za ukuta zenye zilisimama zamani, tembo za malachite, kila kintu na vumbi yake. Simutaji jina juu kuko fasi nitamusema mubaya kidogo, na bado nataka kurudi kwake.

Kwa wale hawajue, marakasi ni manyanga tu, kibuyu na mbegu ndani na kijiti ya kushika. Hakuna mutu wa hapa ataishangaa. Lakini ile jina na ile namna ya kuzipiga mbili mbili, moya ku kila mukono, ilitufikia na muziki ya Kuba (Kuba ya ng'ambo, si Bakuba wa Kasai, musichanganye). Madiski ya GV (ile serie ya muziki ya Kuba yenye ilikuwa inauzishwa Afrika) yalianza kuingia Kongo kuanzia myaka ya 1930, bantu wakasikia son, ile muziki ya Kuba, wakasikia ile cha-cha-cha ya mbegu nyuma ya gita, wakasema hii tunaijua, ni yetu inarudi nyumbani. Halafu rumba ikaota mizizi, mpaka ile mwezi wa 12 ya 2021 UNESCO inaiandika ku liste yao kwa jina ya Kongo zote mbili. Angalia foto za maorkestra ya zamani, utaona tu mutu mumoya ku pembeni mwenye suti safi na marakasi mbili, anaonekana kama hana kazi, kumbe akisimamisha mukono kila mutu anasikia kama kintu imepotea.

Sisi ya Katanga, kusema kweli, kintu yetu ilikuwa chupa. Gita moya na chupa moya, basi. Mwenda Jean Bosco, ule Hugh Tracey, mukusanyaji wa muziki za Afrika, alimurekodi 1952 kule Jadotville (njo Likasi ya leo), vidole vyake peke vilitosha kujaza nyumba. Kwa hiyo marakasi ku nyumba ya mutu wa Lubumbashi ni kintu ya mapambo kuliko ya kazi, na mi nilizinunua hivyo, kwa kuziweka juu ya kabati. Muniwie radhi nyiye wapigaji.

Sasa turudi kwa hizi zangu.

Ya kwanza njo ile ilinifanya nisimame. Duara muzuri, inapita chungwa kubwa kidogo, inaisha mu mukono kama ilitengenezwa na kipimo ya kiganja yangu. Pentiri: bahari ya bulu, minazi mbili, mwanaume anacheza na shemize ya mikono ya mapinda mapinda, nyekundu na manjano. Ukiisogeza karibu na jicho unaona kama ule mutu alichora haraka sana, juu alikuwa na zingine mia za kumaliza ile siku: kila jani ya munazi ni pigo moya tu ya burushi, nene ku mwanzo na nyembamba ku mwisho, jicho ya muchezaji ni nukta, mudomo ni nukta. Lakini mukono yake ilikuwa inajua. Hakuna fasi alirudia mara mbili. Chini kuko maandishi meupe, RECUERDO DE CUBA, ni kusema ukumbusho wa Kuba, na hapa njo fasi naipenda zaidi: alihesabu mubaya, nafasi ikamuishia, ile A ya mwisho akaibana ikakuwa nyembamba kama mutu anaingia mu taxi-bisi yenye ilisha jaa. Nilicheka peke yangu pale ku barabara na muzee akaona ninacheka na bei ikapanda.

Vernisi imegeuka kulere ya chai. Hiyo ni alama muzuri, vernisi ya zamani inakuwaka hivyo, lakini si ushahidi wa kupeleka ku tribinali juu moshi ya makala nayo inafanya vile vile. Na ile neno RECUERDO haisemi mwaka. Kabla ya 1959 Bamarekani walikuwa wanajaa Havana, na marakasi ya pentiri ilikuwa moya ya bintu ya kurudi nayo ku nyumba. Ile revolisio ikaingia, kisha ambargo ya 1962 (Amerika ilikataza biashara na Kuba), wale wateja wakaisha. Lakini wageni wengine wakaendelea kufika na marakasi zikaendelea kuchorwa, mpaka leo zinauzishwa. Kwa hiyo mutu akikuonyesha RECUERDO DE CUBA na kusema "hii ni ya 1950", mwambie aksanti na uendelee kuangalia kintu yenyewe.

Yangu muzee hakusema 1950. Alisema Che. Sharti niwape ile hadisi juu ni sehemu ya dola 28. Asema: "Mwanangu, hizi ziliingia na Che Guevara mwenyewe, ku 65, mu sakosi ya sola (askari) mumoya wa Kuba." Nikamuuliza, muzee, Che alikuwa kule Fizi, ku pembeni ya ziwa Tanganyika, alifika mwezi wa ine akatoka mwezi wa kumi na moya, alikuya kupigana vita, anabeba marakasi ya watalii ya kufanya nini? Akaniangalia kwa huruma. "Wewe unafikiri sola hachezake?" Sikukuwa na jibu. Bado sina.

Lakini ya pili, ba ndugu, ya pili njo mambo yote.

Mu barabara, na jua ya saa sita, niliiona kama mwenzake tu. Kulere nyingi, mwanamuke, mayi, nikajua ni Mukuba mwanamuke wa kucheza na ule mwanaume. Kijiti ilikuwa imefungwa na shatertoni nyeusi (ile skochi ya umeme), muzee akasema ni juu isiteleze. Nilipozitikisa sauti zilikuwa tofauti, moya juu moya chini, akasema "moya ni dume, moya ni jike", na hapo hakunidanganya, peya ya marakasi inatengenezwaka mingi hivyo, moya sauti nyembamba na ingine nzito. Njo maana sikushituka. Ile ukweli mudogo njo ilibeba uongo munene ku mugongo.

Usiku ku nyumba nikawasha taa ya telefone. Mwanamuke hana miguu. Ana mukia ya samaki. Nywele ndefu mpaka ku mapezi, ngozi nyeupe, saa ku mukono, nyoka imemuzunguka ku kiuno. Mamba muntu! Mamba muntu wetu, wa ma-salon ya ba baba zetu, ule alikuwa anatundikwa ku ukuta kila nyumba ya komini za Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, myaka ya 70, wachoraji wanapita nyumba kwa nyumba na tablo zao, mingi zimechorwa juu ya nguo ya mufuko ya unga. Yeye njo anakupa utajiri kisha anakuya kuomba mutu wa familia. Na hapa anaonekana hana haraka yoyote, amekaa juu ya jiwe, saa yake ya mukono inaonyesha tatu na dakika kumi, mishale imechorwa na burushi ya unywele moya labda, hata namba ya 12 iko pale, mi nina myaka mingi na sioni ile bila miwani.

Nikatoa shatertoni, pole pole, kidogo kidogo, ilinikula usiku mbili juu gundi yake ilikuwa imegeuka kama ulimbo. Chini yake, ku kijiti, herufi ndogo nyekundu: L'SHI – ZAIRE, ni kusema Lubumbashi, Zaire.

Basi, hesabu ni yepesi. Inchi ilipewa jina ya Zaire mwezi wa kumi 1971, jina ikatoka mwezi wa tano 1997. Che alikuwa amekufa tangu 67. Na muzee, ao mutu mbele yake, alifunika ile neno juu alijua ile neno inaua hadisi. Hiyo njo lawama yangu moya ya kweli kwake: bei ya kubishana ni haki yake, Che ni burudani, lakini kufunika maandishi ya muchoraji na shatertoni ni kufanya mubaya kintu yenyewe, juu gundi ilikula kipande ya ile E.

Kisha nikaanza kuona yote yenye nilipaswa kuona ku barabara. Ya Kuba ni tunda ya muti, ule muti wanauita güira, tunda yake inakuwaka duara bila shingo, ganda ngumu kama mbao, kwa hiyo kijiti inaingizwa mu tundu na kubandikwa. Ya mamba muntu ni kibuyu chetu cha kutambaa chini, na ukigusa na kidole pale kijiti inaingia unasikia kingo ya shingo yenye ilikatwa na kupigwa msasa. Bintu mbili tofauti kabisa ku shamba. Mutu wa hapa alipata marakasi moya ya Kuba bila mwenzake, ilivunjika ao ilipotea, akaenda kwa muchoraji: nitengenezee ingine. Na muchoraji angeweza kuiga minazi na muchezaji, ni kazi ya dakika kumi. Akakataa. Aliangalia ule mwanaume anacheza ku pembeni ya bahari, akamupa mwanamuke wa mayi.

Muzee, nilipomurudia na hii habari, hakuona haya hata kidogo. Akageuza hadisi pale pale: "Basi ni ya Pilipili!" Hapana, muzee. Pilipili Mulongoy ni mutu wa Hangar, ile shule ya kuchora Romain-Desfossés alifungua Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) 1946, pamoja na Mwenze Kibwanga na Bela ule wa kuchora na vidole. Pilipili anajulikana na ndege, samaki na nyama za pori, si mamba muntu mwenye saa ya mukono. Hii ni mukono ya wachoraji wa barabara, wenye walikuya nyuma, kizazi ya Tshibumba Kanda Matulu, ule alichora historia ya inchi yote mu tablo mia moya hivi kwa Johannes Fabian, mutaalamu wa mila za bantu, ku 1973 na 1974. Sisemi ni ya Tshibumba! Haina sinyatire, na mukinunua kintu kama hii na mukaona jina kubwa imeandikwa na wino yenye inang'aa kuliko pentiri, mukimbie.

Haya, sauti. Ya Kuba ni nyepesi, kavu, inakata safi, ukisimamisha mukono nayo inasimama. Niliipima, gramu 90 na kidogo. Mamba muntu anafika 160. Kuko ufa mudogo juu ya kichwa chake, nikapitisha mwangaza ya telefone nikaona mbegu nyeusi za kana, ile maua inaotaka ku mifereji, na mawe mbili. Mawe! Kwa hiyo ukitikisa, mbegu zinasema cha, kisha mawe zinafika nyuma zinasema go. Mutoto wa dada yangu anapigaka ku korale ya kanisa, akazijaribu robo saa hivi kisha akaniambia, "Yaya, huyu mwanamuke anachelewa." Njo ile. Ukitaka za kupigia muziki, nenda nunua za plastiki zenye hazina hadisi.

Na kuko dudu. Hii inawahusu wote wenye munakusanya bintu ya mbao na bibuyu, musome muzuri. Siku ya tatu nilikuta unga mweupe chini ya kijiti ya mamba muntu, nyororo kama fufu. Tundu peke si shida, zinaweza kuwa za zamani na dudu alisha kwenda zake, lakini unga mupya kila asubui ni kusema iko ndani inakula. Dawa ya kupuliza inaharibisha pentiri. Dawa muzuri ni baridi: unafunga kintu mu sashe ya plastiki, unatoa hewa yote, unafunga tena mu sashe ya pili, unaiweka ku konjelatere ya nguvu, digri 18 ao 20 chini ya sifuri, wiki mbili, na ukiitoa usifungue mpaka kesho yake juu isiote jasho.

Konjelatere yangu mi inapata umeme siku yenye inajisikia. Nikaenda kwa mama jirani mwenye anauzishaka samaki, yeye ana grupe (jenereta) na hazimake. Nikamuomba kwa heshima, akasema hakuna shida, mwanangu, leta. Nikaleta. Akafungua sashe kidogo juu anataka kuona kama ni nini, akaona mukia, akaona nywele.

"Papa, huyu haingie mu samaki yangu."

Nikamwambia, mama, ni pentiri. Akasema anajua ni pentiri, yeye pia alisoma, lakini tomsoni zake ni za kuuzisha na anataka kuuzisha zote, hataki kusikia asubui kama moya ilipotea, na ku nyumba yake kuko batoto tano na anawapenda bote tano. Tukaongea. Mwisho alikubali na masharti: sashe nne si mbili, uso uangalie chini, ku kona ya nyuma peke yake bila kugusa samaki hata moya, na falanga elfu kumi "ya grupe". Wiki mbili zile kila nikipita alikuwa ananiuliza, "bibi yako utamutoa lini?" mbele ya wateja, na bibi yangu wa kweli akasikia ile habari ku soko kabla sijamuelezea.

Dudu zilikufa. Pentiri haikupasuka, nilikuwa na bahati, ilikuwa nyembamba. Kama yako ni nene na inaanza kubanduka usijaribu.

Fasi yenye pentiri ilichubuka, ilichubuka mu sashe ya muzee siku ya kwanza. Alinifungia marakasi pamoja na tembo ya malachite, kado (zawadi) asema, na ile jiwe ilicheza ndani njia nzima mpaka kwangu ku Kampemba na kumuchana ule muchezaji ku bega. Kado ya kuharibisha. Mukienda kwake mubebe gazeti yenu na mufunge wenyewe. Na vumbi, musiioshe na mayi na sabuni, kulere za zamani zinatoka. Mi nilitumia pamba na mate, ndiyo mate, bantu wa kurekebisha tablo za zamani wanaitumia, unaanza chini fasi haionekane, pamba ikitoka na kulere unaacha.

Noti yangu? Kwa kupiga, 3 juu ya 10, na hizo tatu ni za Mukuba. Kwa koleksio, mutu wa ku Ulaya mwenye anataka peya kamili ya Kuba atasema imeharibika, atakupa 4. Mi nazipa 9, na nilizitenganisha bei mu kichwa yangu: dola 8 ya minazi, 20 ya mwanamuke. Ile noti moya iliyobaki kufikia 10 ni ya herufi E.

Muzee bado ana tamburini moya yenye simba na tari ingine yenye ndege, niliziona nyuma ya saa za ukuta, zote mbili zimefungwa shatertoni ku kingo. Mukifika, mumuombe atoe ile shatertoni kabla ya kusema bei. Na akianza ya Che mumwambie mulisha kuisikia, kisha muanzie ku dola 10.